Toleo Halali

1

Bi. Noreen Tesha, muuzaji wa mfumo wa nyaraka, alitandaza karatasi kumi mezani, akabandika ya kumi na moja nje ya mlango wa chumba cha mikutano, kisha akarudi kuketi na kuwaomba wajumbe wasome. Hapakuwa na cha kusoma sana. Kila karatasi ilikuwa na maneno manne tu: USIVUTE SIGARA ENEO HILI.

"Mmesoma?"

Walikuwa wamesoma. Akagusa kishikwambi chake mara moja. Wino ukatetemeka, ukajikusanya, ukatulia tena, na karatasi zote zikawa zinasema USILE CHAKULA ENEO HILI. Mhandisi Gervas Lupembe, meneja wa Mtambo wa Maji wa Ruvuga, aliinuka mwenyewe kwenda kuitazama ile ya mlangoni. Alirudi akicheka kama mtu aliyeonyeshwa kiinimacho harusini.

"Ya nje nayo imegeuka! Jamani, hii ndiyo kazi."

Wajumbe wa kamati wakacheka naye, isipokuwa mmoja. Stamili Kibwana, mkuu wa masijala, alikuwa ameishika karatasi yake kwa ncha za vidole akiigeuza mbele na nyuma. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameyalinda majalada ya mtambo ule dhidi ya panya, ukungu na wakubwa wanaoazima bila kurudisha. Hakuwahi kuona karatasi inayokana ilichosema dakika moja iliyopita.

"Na lile la sigara limekwenda wapi?" akauliza.

"Halipo, mama."

"Halipo hapa, au halipo popote?"

Bi. Tesha alitabasamu. Inaonekana swali hilo alikuwa akilingoja. Mfumo wa Kauli Moja, alieleza, unauzwa kwa vifurushi viwili. Kifurushi Kamili kinatunza kila toleo la kila waraka tangu siku ya kwanza: nani alibadili, lini, kwa nini. Kifurushi Nafuu kinatunza toleo halali peke yake. "Kinachotumika ndicho kilichopo," alisema. "Na nyaraka nyingine zote zinazoutaja waraka huo, yaani madokezo, barua, rejista, zinajisawazisha zenyewe ziendane nao. Hamtakuta tena karatasi mbili zinabishana."

Hapo aliwapata. Mwaka uliotangulia wakaguzi walikuta miongozo mitatu tofauti ya kuosha machujio, kila chumba na wake. Fundi mmoja alikuwa akifuata ule wa miaka minane nyuma, na mji mzima ukanywa maji ya rangi ya chai kwa siku mbili. Barua ya onyo ilikuja na mhuri mwekundu, na aliyeulizwa alikuwa Stamili, kwa sababu makaratasi ni ya masijala. Aibu ile ilikuwa bado haijamtoka.

Wazabuni wawili wa kwanza walikuwa wameshakataliwa, mmoja kwa bei, mwingine kwa kutaka mafundi wanne wa kudumu. Kauli Moja ndiyo iliyobaki. Kifurushi Kamili kingekula fungu lote la mabomba mapya. Kifurushi Nafuu kiligharimu robo ya hapo.

"Historia ya nini?" Lupembe alisema. "Sisi tunasafisha maji. Tunaoafiki Nafuu?"

Mikono minne ikanyooka. Wa tano ulikuwa wa Stamili, nao ulinyooka mwishoni, polepole. Usidhani alidanganywa. Alielewa vizuri kuliko wote pale kinachonunuliwa, maana yeye ndiye aliyeuliza. Lakini alikuwa amechoka, alitaka kikao kiishe, na moyoni alijiambia kwamba mtu mwaminifu hahitaji kutunza alichosema jana.

2

Majalada yalichukua wiki saba kuisha. Yalisomwa na mashine moja, yakasagwa na nyingine, na vyumba viwili vya masijala vikabaki na harufu ya vumbi na rafu tupu. Kila kibao, kila tangazo, kila mwongozo wa kazi ulichapwa upya kwenye karatasi hai za Kauli Moja, zile zinazojigeuza. Juu ya milango yote Lupembe alibandika agizo lake: SOMA, USIKARIRI. Hatua zinaweza kubadilika wakati wowote, alisema, kwa hiyo atakayefanya kazi kwa kichwa badala ya kusoma atapewa barua. Wawili walipewa. Baada ya hapo mafundi walisoma, kidole mstari kwa mstari, hata kufungua bomba waliloanza kulifungua wakiwa vijana.

Sasa kuna jambo la kuelezwa hapa, kwani balaa lilipitia humo. Katika ofisi za nchi hii kuna herufi tatu zinazofanya kazi kuliko mhuri: kny. Kwa niaba ya. Mkubwa hayupo, yuko safarini, yuko kikaoni, yuko kwenye semina. Karani wake anaandika kny juu ya cheo cha mkubwa, anatia saini yake mwenyewe, na barua inakwenda. Kila mtu anajua aliyesema ni mkubwa. Saini ni ya karani, neno ni la bosi. Stamili alikuwa ameandika kny maelfu ya mara na hakuwahi kupoteza usingizi.

Kauli Moja haikuwa na kny. Ilikuwa na kibao cheusi cha kiganja, na ilimjua mtu kwa mishipa ya mkono wake. Mfumo ulitaka waidhinishaji wawili, kiganja cha yeyote kikitosha, na kwa kuwa Lupembe hakai, Stamili aliandikishwa kuwa wa pili. Simu ingelia: "Bi. Stamili, kuna nyaraka kama kumi na tano hapo, zipitishe kwa niaba yangu." Naye angeweka kiganja, kibao kingepiga mlio mwembamba, basi. Siku za mwanzo alitafuta mahali pa kuandika zile herufi tatu. Alipokosa, aliziandika kwa kidole hewani, akajicheka, akaendelea.

Mwezi wa pili swichi ya feni ya chumba cha klorini iliungua. Feni ile ndiyo inayotoa gesi chumbani kabla mtu hajaingia kubadili mtungi, kwa hiyo swichi yake hukaa nje, ukutani, kando ya mlango. Spea haikuwepo. Fundi umeme akafunga swichi ya muda kwa ndani, karibu na feni yenyewe, na hatua ya nne ya mwongozo ikabadilishwa ilingane na ukweli huo: Ingia, washa feni, subiri dakika tano. Lupembe alipiga simu akiwa safarini. Stamili akaweka kiganja.

Juma lilelile Faraji Mkude alisimama dirishani pa masijala. Alikuwa mwendeshaji wa chumba cha klorini, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia hata akizungumza na mlinzi.

"Shikamoo, Mama Masijala."

"Marahaba, Faraji. Umekuja kunisumbua?"

"Nimekuja kukusumbua. Hii hatua ya nne imekaa vibaya. Niingie kwenye gesi ili nikawashe feni ya kutoa gesi? Siku ikivuja nitaiwashia wapi, ahera?"

Stamili alicheka. Baadaye alikumbuka sana kwamba alicheka. "Andika dokezo, nitamfikishia Mhandisi."

Faraji akaandika dokezo kwenye karatasi hai, kwa mwandiko wake wa duara, akalikabidhi. Likaenda kwa Lupembe. Halikurudi.

3

Mtungi ulivuja Jumanne saa tatu asubuhi. Faraji alisoma hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, kidole kwenye mstari, na msaidizi wake Kizito akimsikia. Akasoma ya nne. Akafungua mlango akaingia. Kinyago cha gesi kilikuwa hatua ya tano.

Walimtoa baada ya robo saa. Wingu la gesi lilivuka ua likateremkia shule ya msingi iliyo chini ya mtambo, na watoto kumi na tisa wakapelekwa hospitali wakikohoa damu. Mtambo ukafungwa, maji yakakatwa mji mzima. Hadi jioni jina la Faraji lilikuwa katika kila kinywa, na si kwa kuombewa. Alikuwa mzembe. Alikuwa amelewa. Faraji, ambaye hata soda alikunywa kwa kuombwa.

Jumatano asubuhi Stamili alikuwa bado na kanga ya msibani mabegani Lupembe alipoingia masijala mwenyewe, kwa miguu yake, jambo ambalo hakulifanya mara mbili kwa mwaka.

"Dada Stamili, najua una majonzi. Sote tuna majonzi. Lakini wakaguzi wanakuja. Kuna nyaraka arobaini na moja pale, marekebisho madogo ya lugha. Zipitishe tu kwa niaba yangu. Kiganja changu kina jeraha." Akaonyesha bandeji.

Alikuwa amemwita dada. Macho yake yalikuwa mekundu. Stamili, naye machozi yakimtoka, aliweka mkono kwenye kibao bila kufungua hata waraka mmoja. Mlio ukapigwa mara arobaini na moja. Lupembe akahesabu kwa midomo, akashukuru, akatoka.

Mchana alikwenda chumba cha klorini kuchukua kofia ya marehemu ampelekee mjane. Swichi mpya ilikuwa ukutani, nje, kando ya mlango, rangi yake bado ikinata. Akainua macho kwenye mwongozo.

Hatua ya nne: Vaa kinyago. Washa feni ukiwa NJE. Subiri dakika tano. Usiingie peke yako kwa hali yoyote.

Alisoma mara tatu. Akajishika ukutani, na rangi mbichi ikamganda vidoleni.

Kizito alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitazama chini.

"Kizito, mwanangu. Jana mlikuwa mnawashia wapi feni?"

Kijana huyo wa miaka thelathini, baba wa watoto wawili, aliinua macho akatazama ukutani kwanza. "Si imeandikwa nje, mama?"

"Sikuulizi imeandikwaje. Nakuuliza mlikuwa mnawashia wapi."

"Mimi nilikuwa nasoma tu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitafuta. "Walisema tusikariri. Nikijaribu kukumbuka naiona hii hii."

Stamili alirudi masijala karibu anakimbia, akalitafuta dokezo la Faraji. Lilikuwepo. Tarehe ileile, mwandiko uleule wa duara, saini ileile. Lakini lilikuwa limejisawazisha liendane na waraka linaoutaja. Lilisema: Nimesoma hatua ya nne inayoagiza feni iwashwe nje na mtu asiingie peke yake. Naona inachelewesha kazi. Naomba iangaliwe.

Alilisoma akiwa amesimama. Mfumo ulikuwa umemfanya marehemu ajishitaki mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe. Halafu, kwa mazoea ya kazi, Stamili akauvuta mwongozo wenyewe, nakala ya masijala, akatazama chini ya ukurasa kutafuta aliyeidhinisha.

Imeidhinishwa: S. Kibwana.

4

Faraji alizikwa na watu kumi na mmoja. Stamili aliwahesabu kwa sababu hakuweza kumtazama mjane. Katika mji ule hata mlevi wa sokoni huzikwa na mia mbili.

Mjane, Mwajabu, alikuja masijala siku ya nne. Hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Nimepewa barua nihame nyumba ya kampuni," alisema. "Sikuja kwa ajili hiyo. Nyumba nitapata hata kwa shangazi yangu. Jana nilikwenda kuchota maji kwenye kisima cha msikiti, mama mmoja akavuta ndoo yake isiguse yangu. Mtoto wake yuko wodini. Sikumlaumu, dada. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile."

"Mwajabu..."

"Faraji aliniambia. Alikuja nyumbani akasema, wametuandikia tuingie ndiyo tuwashe. Alicheka, akasema amekuambia wewe ukacheka. Sasa naambiwa haikuandikwa hivyo kamwe. Wewe ndiye mwenye makaratasi. Niambie tu kama mume wangu alikuwa mwongo, nijue namna ya kumlilia."

Stamili alifungua kinywa. Ilikuwa rahisi kabisa: hakuwa mwongo. Maneno mawili. Nyuma ya maneno hayo alimwona mkaguzi, polisi, na jina lake chini ya ukurasa. Jina lake peke yake, bila kny, bila Lupembe.

"Nitaangalia," akasema.

Mwajabu akatoka bila kuaga. Stamili aliifunga masijala kwa ndani, akalia hadi akajichukia kwa kulia.

Alipotulia alimpigia simu Bi. Tesha. Hakumweleza kisa, aliuliza tu kama toleo la zamani linaweza kupatikana.

"Kwa kifurushi chenu, mama, hakuna toleo la zamani. Lililopo ndilo lililokuwepo."

"Hata kwenye seva zenu?"

"Ndiyo maana ni nafuu. Kutunza ndiko kunakogharimu." Bi. Tesha akashusha sauti. "Lakini kama kuna kosa, wewe ni mwidhinishaji. Andika linavyotakiwa kusomeka, weka tarehe yoyote unayotaka ianze, weka kiganja. Kila kitu kitajisawazisha. Hakuna atakayeona tofauti."

Simu ilipokatika Stamili aliketi akikitazama kibao cheusi. Kwa mkono mmoja angeweza kumrudishia Faraji hatua ya nne kama ilivyokuwa, na dokezo lingesawazika nalo. Lakini dokezo lingeandikwa na mashine, si na Faraji. Maneno yangekaribia kuwa yake, labda yangekuwa yake hasa, na bado yangekuwa ya kughushi. Ukweli uliopachikwa tarehe ya uongo na mtu aliyekaa peke yake chumbani. Lupembe alifanya nini tofauti na hicho? Naye pia huenda alijiambia anasahihisha kosa.

Na zaidi ya hayo, toleo la zamani lingebeba jina lilelile. Matoleo yote mawili yalikuwa yake: la kwanza lilimuua Faraji, la pili lilimchafua. Alivigeuza viganja vyake, akaviangalia kama vya mtu mwingine.

5

Mkaguzi wa usalama kazini, Chediel Mbwambo, alifika Jumatatu. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye kufuta miwani kila anapotaka kufikiri. Kabla ya saa nne alikuwa amekwishapewa mwongozo, dokezo, na rejista ya matengenezo iliyoonyesha kwamba swichi ya nje ilifungwa upya mwezi wa pili. Zote zilikubaliana neno kwa neno.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane, mama," alimwambia Stamili dirishani pa masijala, akiwa na mwongozo mkononi. "Sijawahi kukuta ofisi ambayo makaratasi yake hayana hata kosa moja. Nikushukuru au niogope?"

Stamili alifungua mlango wa masijala. Lupembe alikuwa ofisini kwake, mlango wa nne, akimsubiri mkaguzi kwa chai.

"Ingia ndani, Mkaguzi. Shika hiyo karatasi vizuri. Nisomee hatua ya nne kwa sauti."

Mbwambo akaingia, akasoma. Kinyago, nje, dakika tano, usiingie peke yako.

"Usiiachie." Stamili alikuwa ameshaandika alichotaka kuandika. Tarehe hakuigusa, aliiacha ya leo. Aliweka kiganja. Kibao kikapiga mlio wake mwembamba.

"Soma tena."

Mkaguzi alishusha macho. Wino ulikuwa ukitembea chini ya kidole gumba chake. Alirudi nyuma hatua moja kana kwamba ameshikishwa mdudu, lakini hakuiachia.

"Ingia," alisoma polepole. "Washa feni. Subiri dakika tano." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ipi ndiyo ya kweli?"

"Hiyo. Hiyo ndiyo aliyosoma Faraji."

"Nitajuaje? Umeiandika sasa hivi mbele ya macho yangu."

"Angalia jina chini."

Akaangalia.

"Ni langu," Stamili alisema. "Niliipitisha hiyo bila kuisoma, kwa sababu bosi alipiga simu. Siku moja baada ya kifo nikapitisha nyingine ya kuifuta, bila kuisoma, kwa sababu bosi alilia. Mtu anayetaka kujiokoa asingekuonyesha hiyo uliyoshika. Angekuacha na ile ya kwanza ukanywe chai."

Mbwambo aliusoma mstari wa jina mara ya pili. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameamini, na kuamini hakukumpa raha.

"Nitaandika," alisema hatimaye. "Kila neno. Nitamwita Mhandisi na fundi umeme, nitawahoji mmoja mmoja. Lakini niseme ukweli, mama. Ofisi yetu nayo iko kwenye Kauli Moja tangu mwezi wa saba. Wizara iliona ni nafuu." Akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Ripoti yangu itautaja mwongozo huu. Itasomeka nilivyoiandika kwa muda ambao mwongozo wenyewe utakaa hivi. Sijui kama ni siku au saa."

Haikuwa hata saa. Alipokuwa bado anasema, karatasi ilitetemeka mkononi mwake. Wote wawili waliinama wakaitazama. Ingia ikafifia. Vaa kinyago ikajitokeza mahali pake, herufi baada ya herufi, safi, bila haraka. Mlango wa nne, mtu alikuwa ametoa bandeji.

Stamili alikiangalia kibao. Angeweza kuweka kiganja tena, na Lupembe angeweka chake, na yeye tena, hadi jioni, hadi mwaka kesho. Aliyekuwa na kiganja cha mwisho ndiye angekuwa msema kweli. Hasira zilimpanda, si za Lupembe peke yake. Zilikuwa za ule mkono wake ulionyooka mwisho kikaoni kwa sababu alitaka kwenda nyumbani.

"Unakwenda wapi?" Mbwambo aliuliza.

"Getini."

6

Boza la maji lilikuwa limefika, na foleni ya wanawake ilianzia getini ikapinda hadi ukuta wa shule. Ndoo, madumu, watoto mgongoni. Mwajabu alikuwa wa mwisho kabisa, na kati yake na aliyemtangulia kulikuwa na nafasi ya watu watatu ambayo hakuna aliyetaka kuiziba.

Stamili alisimama mbele ya boza. Mwenye mpira wa maji alimwambia asogee. Hakusogea.

"Naomba mnisikilize," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia kwa nguvu, na vichwa vikageuka. "Faraji Mkude hakuwa mzembe. Alifanya kama alivyoandikiwa. Aliandikiwa aingie kwenye gesi ndipo awashe feni. Alikuja kuniambia ni hatari, nikacheka. Alipokufa yakaandikwa mengine. Aliyeagiza ni Mhandisi Lupembe. Aliyeidhinisha ni mimi, mara zote mbili, kwa mkono huu."

Aliuinua. Mwanamke mmoja wa mbele, aliyefunga kitambaa cheusi, aliweka dumu lake chini.

"Mwanangu bado anapumulia mashine," alisema.

"Najua."

"Wewe ndiye?"

"Mimi ndiye."

Yule mwanamke alimsogelea hadi pumzi yake ikamgusa Stamili usoni, na Stamili akafumba macho akisubiri kofi. Halikuja. Alichosikia ni miguu ikitembea kutoka mwisho wa foleni, na nafasi ikifunguka kuipisha.

"Sema tena," alisema Mwajabu. Macho yake yalikuwa makavu. "Kule nyuma hatukusikia vizuri. Sema polepole, na uanze na jina lako."

"Mwajabu, nimeshasema."

"Umesema mara moja. Kesho ukutani patakuwa na mengine, na kesho kutwa mengine. Mimi nataka wote hawa wayashike vichwani, na watoto wao, na wewe uyasikie yakisemwa kila utakapokuja kuchota maji katika mji huu. Anza."

Stamili aliugeukia mwisho wa foleni. "Mimi, Stamili Kibwana..."

"Mimi, Stamili Kibwana," alirudia Mwajabu, na wanawake wawili waliokuwa karibu naye wakarudia pia, kwa sauti ya chini, kama darasani.

"Nilipitisha karatasi iliyomuua Faraji Mkude."

Safari hii walikuwa ishirini, na mwenye kitambaa cheusi alikuwa mmoja wao. Stamili aliendelea neno kwa neno hadi mwisho, na kila neno lilirudi kwake kutoka kwenye vinywa vingi zaidi, hadi likafika kwenye ukuta wa shule. Kisha Mwajabu akamwambia aanze upya.